Duka la leso lililokuwa la kwanza kwa simu ya mwenyewe

Mama mmoja mwenye duka la leso aliingia ofisini kwangu wiki tatu kabla ya Ramadhani, simu mkononi, nyuzi za pamba zimemganda kwenye buibui. Siku hizo Biashara Street hakupitiki. Wanawake wanatoka Likoni, Kisauni, Mtwapa, wengine mpaka Lamu, kutafuta leso za kujifunga na madera ya Idd, na mwenye duka hapati hata nafasi ya kunywa chai. Nikajua lililomtoa dukani si dogo.

"Mwanangu, hebu nitazamie," akasema kabla hajakaa. "Mimi kwa simu yangu nikiandika leso Mombasa natoka wa kwanza. Dada yangu yuko Maskati, ananambia hanioni kabisa, ametafuta mpaka amechoka. Nani mkweli, mimi au yeye?"

Wote wawili walikuwa wakweli. Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake, jina lake na la duka nimeyaacha. Kazi yangu ni kuwatengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti na kuzitunza, na swali la Mama naulizwa karibu kila wiki na wenye mikahawa, nyumba za wageni na mafundi wa milango. Lake nimelichagua kwa sababu karibu kila kinachoweza kuharibika kilikuwa kimeharibika, na kila uharibifu ulifundisha kitu chake.

Wengi wetu tunadhani Google ina orodha moja iliyobandikwa mahali, kama matokeo ya mtihani ukutani, na kila duka lina namba yake. Orodha hiyo haipo. Mpangilio unaundwa upya kila mtu anapouliza, kwa maneno aliyoandika, kwa lugha anayotumia, kutoka pale alipo. Simu ya Mama ilikuwa juu ya meza ya duka, katikati ya kisiwa cha Mombasa, na kila siku ilifungua tovuti yake mwenyewe. Kwa simu hiyo kutoka wa kwanza hakukuwa ushahidi wa chochote. Nikaomba watu watatu wanisaidie: binamu yangu Nairobi, rafiki Dar es Salaam, na dada huyo wa Maskati. Wafungue dirisha la faragha kwenye kivinjari, waandike maneno yale yale, kwanza "leso Mombasa", kisha "leso" peke yake, wanitumie picha ya skrini kwa WhatsApp.

Nairobi, kwa "leso Mombasa", duka lilikuwa ukurasa wa tatu. Maskati halikuwapo. Dar es Salaam, kwa "leso" tupu, zilikuja picha za vitambaa vya kufutia jasho. Mama alizitazama zile picha muda mrefu bila kusema neno. Nitazirudia baadaye.

Tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2019. Binti yake ndiye aliyeijaza, na aliijaza kwa njia ambayo hakuna mtaalamu aliyemfundisha: alikaa na mama yake dukani, akamwuliza leso moja moja, akaandika alichosikia. Kila leso ilikuwa na ukurasa wake. Picha juu, chini yake jina la leso lote, yaani ule msemo uliochapwa juu yake, rangi za pindo, kilichochorwa kwenye mji, yaani katikati ya leso, na mstari au miwili: hii huvaliwa msibani, hii apewa mzazi baada ya arobaini, hii usimpe mke mwenza. Sura yake haikupendeza. Lakini oda zilikuja kutoka Maskati, London, hata Dar.

Mwaka uliopita kijana wake wa kiume alilipa mtu aijenge upya. Ile mpya ni nzuri kweli, picha kubwa zinazojaa skrini, rangi zimetulia. Oda za nje zikaanza kupungua kidogo kidogo, kisha zikakatika. Kijana akadhani tatizo ni kutojulikana, akamlipa mtu mwingine shilingi 15,000, aliyeahidi ukurasa wa kwanza ndani ya siku 30 kwa kuwapa viungo 500, yaani kurasa nyingine mtandaoni zinazoelekeza kwenye tovuti yao. Siku 30 zilipita.

Nilianza na swali la chini kabisa: je, Google inajua kwamba kurasa hizi zipo? Mtu akiandika swali, injini ya utafutaji haiendi kuitafuta intaneti nzima pale pale. Imeshapita kabla. Roboti wake, yaani programu inayosoma kurasa yenyewe, hutembea mchana na usiku kutoka kiungo hadi kiungo, husoma kila ukurasa, na yaliyosomwa huwekwa kwenye faharasa. Ni kama ile faharasa ya mwisho wa kitabu: chini ya kila neno, orodha ya kurasa zenye neno hilo. Mtu akiandika "kisutu", ile leso ya bi harusi, injini hufungua pale kwenye kisutu na kuanza kupanga zilizomo. Usipokuwa ndani ya faharasa, hakuna mpangilio utakaokufikia, uwe na duka zuri namna gani.

Nikauliza Google inionyeshe kurasa zote inazozijua za tovuti ya Mama. Zilikuja kwa wingi, lakini nyingi zilikuwa anwani za zamani. Unabonyeza, unaambiwa ukurasa haupatikani. Mjenzi wa tovuti mpya alikuwa amebadilisha anwani zote bila kuacha maelekezo ya kuhamia. Ni sawa na duka kuhama kutoka Biashara Street kwenda Makadara usiku, bila hata karatasi mlangoni. Wateja wa miaka wanafika, wanakuta ukuta.

Lililoniuma zaidi ni viungo. Katika miaka yake ya kwanza tovuti ile ilikuwa imepata marafiki wachache wa kweli. Mwalimu mmoja wa Kiswahili huko Ujerumani alikuwa ameuelekeza ukurasa wake wa masomo kwenye ukurasa wa kisutu wa Mama. Mpiga picha mmoja wa Mji wa Kale vilevile. Hakuna aliyewalipa. Viungo vya namna hiyo ndivyo vilivyojenga jina la Google tangu mwanzo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia waliyoiita PageRank: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kama neno la kuusifia, na uzito wa neno hilo utegemee ukurasa unaolisema unasifiwa na nani. Walimfikiria mtu anayetembea wavutini bila mwelekeo, akibonyeza kiungo chochote anachokiona. Kwa kawaida walichukulia kwamba kila hatua ana nafasi ya asilimia 85 ya kufuata kiungo, na asilimia 15 zilizobaki anachoka na kuruka kwenda ukurasa mwingine wowote. Kurasa anakofika mara nyingi zaidi ndizo zenye uzito.

Sisi hapa tunalielewa hili bila hesabu. Ukitafuta mshoni wa kanzu ya harusi, neno la mzee anayeheshimiwa mtaani halilingani na neno la mtu aliyekutana nawe stendi ya matatu. Na yule aliyelipwa kukusifu, akijulikana, neno lake halina kitu.

Ndiyo maana viungo 500 havikufanya lolote. Niliviangalia vingi kimoja kimoja: kurasa za kamari, kurasa za dawa, kurasa zenye sentensi ambazo hakuna binadamu aliyeziandika. Aprili 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyozishusha tovuti zinazotegemea viungo vya kutengenezwa. Desemba 2022 ilitangaza kwamba mfumo wake wa SpamBrain unavitambua viungo vilivyonunuliwa na kuviondolea thamani. Nikakagua kama Mama ameadhibiwa na mkaguzi wa Google. Hakuna onyo lolote. Viungo vyake vilikuwa vimepuuzwa tu, na 15,000 zimekwenda. Nawaomba wenye maduka wanaosoma hapa: Google haiuzi nafasi katika matokeo ya kawaida. Nafasi za kulipia zipo, zimeandikwa wazi kwamba ni tangazo. Anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa siku kadhaa anauza asichokuwa nacho, na mara nyingi anamwuzia mwanamke aliyekaa dukani tangu alfajiri kuipata pesa hiyo.

Nikadhani nimeshamaliza. Tukaweka maelekezo ya kuhamia, kila anwani ya zamani ikaelekezwa kwenye ukurasa wake mpya hasa, si zote kutupwa ukurasa wa mbele. Google wenyewe wanashauri maelekezo hayo yakae angalau mwaka mmoja. Siku kumi zikapita, roboti akaanza kuzipitia anwani mpya, na bado kurasa haziingii kwenye matokeo kama zilivyostahili. Nikaufungua ukurasa wa leso moja kwenye kompyuta yangu: picha, jina, maelezo ya binti, yote yapo. Nikarudia kesho yake. Yapo.

Binti ndiye aliyelifumbua, akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni anamngoja mama yake. Alikuwa anatazama ukurasa ule ule kwa simu. "Kaka," akaniuliza, "maneno yangu yako wapi?"

Kwenye simu hayakuwapo. Mjenzi alikuwa ametengeneza sura mbili, moja ya kompyuta na moja ya simu, na kwa ajili ya simu aliona maelezo yanaharibu uzuri wa picha, akayaondoa kabisa. Hayakufichwa nyuma ya kitufe. Hayakuwamo. Hata jina la leso lilikuwa sehemu ya picha tu, limechapwa kwenye kitambaa kama lilivyotoka kiwandani. Tangu mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba itaanza kuzisoma tovuti kwa sura ya simu, na kazi ya kuzihamisha ikaendelea kwa miaka. Kwa hiyo roboti alipoingia duka la Mama aliingia kwa mlango wa simu. Aliona picha kubwa, bei, kitufe cha WhatsApp. Maneno ambayo binti alikaa miezi akiyaandika, yale ya msibani na ya mke mwenza, yeye hakuyasoma. Mimi niliyasoma kila siku kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta. Kosa hili nalihesabu langu vilevile. Mombasa nzima inatumia simu, na mimi nilikagua kwa chombo ambacho hakuna mteja wa Mama anacho.

Mashine siku hizi zinaweza kusoma baadhi ya maandishi ndani ya picha. Lakini leso iliyokunjwa, pindo limeficha herufi tatu, taa ya duka inang'ara juu yake, si kitu cha kutegemea. Maneno yaandikwe kama maneno.

Hapo ndipo tukarudi kwenye vitambaa vya jasho vya Dar es Salaam, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya kazi yote. Mombasa tunasema leso. Tanzania bara leso ni kitambaa cha mkononi, na hiki chetu ni kanga. Wazungu na watafiti huandika khanga. Mama hajawahi kusema kanga maishani mwake, labda akimwiga mteja. Tovuti yake, mpya na ya zamani, haikuwa na neno hilo hata mara moja. Mtu wa Dar akiuliza "kanga", faharasa inafunguliwa pale kwenye kanga, na Mama hayumo kwenye orodha.

Injini za leo hazilinganishi herufi tu. Google iliongeza RankBrain mwaka 2015, na BERT mwaka 2019, mifumo inayojaribu kuelewa maana ya swali zima na uhusiano wa maneno. Inaweza kujua kwamba mtu anayeuliza jambo moja anakusudia lingine lililo karibu nalo. Lakini mifumo hiyo hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya Kiswahili wavutini ni machache, ya Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, machache zaidi. Sioni sababu ya kumwachia mashine ikisie kwamba leso ya Mombasa na kanga ya Dar ni kitu kimoja wakati Mama anaweza kulisema kwa sentensi moja. Tukaandika: leso, ambayo Tanzania huitwa kanga. Mama alisita. Alihisi ni kama anakana lugha ya mama yake. Tukakubaliana leso litangulie kila mahali, na kanga lije kama mgeni anayekaribishwa.

Kuna jambo jingine ambalo binti alilifanya bila kujua jina lake. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge huko Uingereza, alieleza kwamba neno linalopatikana katika maandishi machache lina nguvu zaidi ya kutambulisha kuliko neno lililoenea kila mahali. Wazo hilo limeingia katika misingi ya utafutaji mpaka leo. "Na" na "ya" hazikuambii kitu kuhusu ukurasa, zimo katika kila ukurasa wa Kiswahili. "Nguo" inakuambia kidogo. "Kisutu" inakuambia karibu kila kitu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, leso ya bi harusi. Mjenzi wa tovuti mpya alikuwa ameandika mbele "mavazi bora kwa bei nafuu", maneno ambayo maelfu ya maduka duniani yanayo, na kisha akajaza msimbo wa ukurasa kwa orodha ndefu ya maneno muhimu yaliyofichwa, ambayo Google ilisema wazi Septemba 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Alimwondoa Mama kwenye mashindano ya watu wachache akamweka kwenye mashindano ya dunia nzima.

Na jina la leso ni zaidi ya neno adimu. Ni sentensi. Nilipofungua Search Console, ambayo humwonyesha mwenye tovuti watu waliuliza nini kabla ya kumfikia, na kurudi nyuma kwenye miezi ya tovuti ya zamani, nilikuta watu hawakuwa wakiuliza "leso bei rahisi". Walikuwa wakiandika majina. "Japo sipati tamaa sikati", lote, kama lilivyo. Mtu ameona leso arusini, ameipenda, hakuthubutu kumwuliza aliyeivaa, amekwenda nyumbani akaandika maneno aliyoyasoma kwenye pindo. Kila neno humo ni la kawaida, lakini kurasa zenye yote manne pamoja ni chache. Katika swali kama hilo duka dogo la kichochoroni linaweza kusimama mbele ya maduka makubwa ya mtandaoni, kwa sababu hao wakubwa hawajui jina la leso wanayoiuza.

Ramani nitaitaja kwa ufupi. Yale maduka matatu yanayotokea na ramani juu ya matokeo yana hesabu yake. Google inataja mambo matatu: unalingana kiasi gani na kilichoulizwa, uko umbali gani na mwulizaji, na unajulikana kiasi gani. Umbali hatuwezi kuubadilisha. Tulisahihisha saa za kufungua, tukaweka picha za mlango wa duka, basi.

Ramadhani ile hatukuiwahi. Nilimwambia Mama mapema, akanyamaza, kisha akasema riziki haina haraka. Tulirudisha maelezo yote kwenye sura ya simu, jina la kila leso likawa maandishi juu ya ukurasa, na picha zikapewa maelezo yake. Kurasa za majina ndizo zilizorudi kwanza, nyingine ndani ya wiki mbili. Ukurasa wa kisutu ulichukua muda zaidi, kisha ukapanda kuliko ulivyokuwa hata zamani. Nadhani ni kwa sababu kiungo cha yule mwalimu wa Ujerumani sasa kinafika kinakokwenda, na Mama aliongeza maelezo marefu ya namna kisutu kinavyotumika siku za harusi. Kwa "leso Mombasa" Nairobi sasa inamwona ukurasa wa kwanza, chini chini. Kwa "kanga" tupu, Dar es Salaam bado haimwoni, na nimemwambia asitarajie. Kule yako maduka ya kanga yaliyo karibu na mwulizaji na yanayojulikana zaidi kwake. Dada wa Maskati anamwona akiandika jina la leso, hamwoni akiandika leso peke yake. Kurasa tatu hazijaingia kwenye faharasa mpaka leo. Nazifuatilia.

Wiki iliyopita nilipita dukani adhuhuri. Mama alikuwa amefungua bando jipya kutoka kiwandani India, anazikunjua leso juu ya meza, anasoma jina kwa sauti, na binti anaandika kwenye simu. Kwenye leso moja ya rangi ya zafarani alikwama. Akaileta karibu na macho, akanipa mimi nisome. Kiwandani herufi o ilikuwa imeanguka: badala ya "Wema hauozi" wamechapa "Wema hauzi".

Binti akauliza aandike lipi, lililo sahihi au lililo kwenye nguo.

"Ataiona mtu arusini asome hivi hivi ilivyo," Mama akasema. "Na mwingine ataandika anavyolijua. Andika yote mawili, mwanangu, useme hili la pili limekosewa na kiwanda." Akaikunja, akaiweka kando, akachukua nyingine.